Handaki Kabla ya Maadui: Neno kwa Watu wa Pwani ya Tanga

Katika mwaka wa tano wa Hijra, khabari ilipofika Madina kwamba makabila yanakusanyika kuja kuuangamiza mji, Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) hakukaa akingoja muujiza. Aliwaita masahaba akawataka shauri. Salman Al-Farisi akaeleza desturi ya kwao Uajemi ya kuchimba handaki, na shauri lake likakubaliwa. Kazi ikagawanywa kwa makundi, na Mtume mwenyewe akabeba udongo pamoja na watu wake. Maadui walipowasili walikuta mji umekwisha kujiandaa. Wala hapana Mwislamu asemaye kwamba handaki lile liliipunguza tawakkal yao.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kuna maneno yasikikayo mara nyingi katika pwani yetu, kutoka Moa na Mkinga mpaka Pangani na Mkwaja. Bahari inapokula ufuo, au kisima kinapogeuka chumvi, husemwa: "Hayo ni ya Mungu." Ni kweli, yote ni ya Mungu. Lakini Mtume alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, alimwagiza amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Aachaye kumfunga ngamia hana tawakkal. Ana uvivu tu, na anautafutia uvivu wake jina zuri.

Basi ni jambo gani linalotujia? Wataalamu wa dunia wamepima wakaona kwamba tangu mwaka 1901 mpaka 2018 uso wa bahari uliinuka kwa kadiri ya sentimita 20, na kati ya 2006 na 2018 ulikuwa ukipanda kama milimita 3.7 kila mwaka. Sababu zake ni mbili kubwa. Moshi wa makaa na mafuta umeitia dunia joto, na maji yapatapo joto hutanuka. Na barafu ya nchi za baridi huyeyuka ikamiminika baharini. Katika moshi huo sehemu yetu sisi wa pwani ni ndogo mno, na ni haki yetu kuyasema hayo mbele ya mataifa. Lakini bamvua haiulizi ni nani aliyewasha moto. Inapanda juu ya yule aliye karibu nayo.

Mfano tunao machoni petu. Kusini-mashariki ya mji wa Pangani kipo kisiwa cha Maziwe. Wazee wanakumbuka kikiwa na mivinje, na kasa wakipanda kutaga mayai. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi. Kufika mwanzo wa miaka ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji makuu hulifunika. Kasa bado huja kwa mazoea yao, na walinzi hulazimika kuyahamishia mayai ufuoni Ushongo ili yasizame. Wachunguzi wametaja sababu zaidi ya moja, na mojawapo ni ukataji wa miti. Tangazo la serikali lilikuja, lakini tangazo peke yake halizuii mchanga. Mizizi ndiyo iushikayo.

Hali kadhalika mto Pangani, ushukao kutoka Kilimanjaro na Meru. Maji yake huchukuliwa njiani kwa mashamba na kwa mitambo ya umeme, nayo yafikapo pwani yamepungua nguvu. Bahari huingia mlangoni na kupanda juu, na wakulima wa kando ya mto huonja chumvi mahali ambapo baba zao walikunywa maji matamu. Na mwaka 1998 joto la bahari liliyaua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi. Na tumbawe likifa, samaki hukosa nyumba, na wimbi hukosa kizuizi.

Sasa tuulize: kijiji kiwezeje mbele ya mambo makubwa namna hii? Watu wa Tanga wamekwisha kuonyesha njia. Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi pwani katika wilaya za Pangani, Muheza na mji wa Tanga, kwa msaada wa serikali ya Ayalandi na shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN. Jambo lililoutofautisha ni kwamba wavuvi wenyewe walikalishwa wakaulizwa. Katika vijiji kama Kigombe na Kipumbwi watu walikubaliana miamba gani ifungwe ipumzike, nyavu gani zisitumike, na mikoko ilindwe vipi. Baruti ikapungua na samaki wakaonekana tena.

Lakini lipo funzo la pili, nalo lina uchungu. Mpango ule ulikwisha mwaka 2007, na baruti ikarudi kuvuma katika bahari yetu, ikawa lazima serikali ikaze mkono upya miaka mingi baadaye. Tusiwalaumu wageni kwa kwenda kwao, mgeni huaga. Ulinzi unaotegemea mafuta ya mashua ya mfadhili hukauka pamoja na mafuta hayo. Ulinzi udumuo ni ule uliomo katika sheria ya kijiji na katika haya ya nyuso za watu wake.

Na uwezo huo tumepewa. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, zikathibitishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji chaweza kupanga matumizi ya ardhi yake. Na mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkaazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mume kwa mke. Hii ndiyo shura yetu. Lakini ni wangapi kati yetu wahudhuriao? Twajaa arusini na maulidini, na siku ya mkutano twatuma udhuru.

Katika mkutano huo yafaa yaulizwe mambo manne. Kwanza, bamvua kubwa kuliko zote imefika wapi? Wazee waonyeshe, vijana wapige alama, na ng'ambo ya alama hiyo pasijengwe nyumba, chuo wala msikiti mpya. Pili, visima vipi vimeanza chumvi, na tangu lini? Hapa wanawake ndio wenye elimu, kwani wao ndio wachotao. Mkutano usiowasikiliza unapanga gizani. Tatu, mikoko imepungua wapi? Ipandwe pale ilipokuwa kwanza, si popote penye tope, na kila aina mahali pake: mlilana upande wa bahari, mkoko nyuma yake. Na tukumbuke kwamba mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali, haikatwi bila ya kibali. Nne, mvua kubwa au dhoruba ikija usiku, ni nani atakayewapitia wagonjwa, vikongwe na wajane, na watakimbilia wapi?

Majibu ya maswali hayo yaandikwe, yasomwe hadharani, na yarejewe kila mwaka. Hayahitaji fedha za kigeni. Yahitaji daftari, uaminifu, na watu kufika.

Enyi vijana, msidharau kazi ya kupanda mche ambao kivuli chake hamtakikalia. Mtume wetu ametufundisha kwamba hata Kiama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Ikiwa ndivyo ilivyo siku ya mwisho wa dunia, je, leo, ambapo bado tuna wakati? Nanyi wazee wa nyumba, kule Tongoni yapo magofu ya msikiti na makaburi ya waliotutangulia, yamesimama karibu na maji kwa karne nyingi. Wao walitujengea. Watoto wetu nao watauliza tuliwaachia nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wachimbaji wa handaki kabla ya kuwasili kwa maadui. Amin.