Kusomesha Udi Nyumbani Ni Kazi, Ipangwe Kama Kazi



Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Mji wa Kale, Mombasa, alinisimamisha tukitoka sala ya Alasiri. Anapiga udi vizuri na maharusini watu wanamjua. Wazazi watatu wamemuomba awasomeshee watoto wao. Akaniuliza, "Ami, niwatoze pesa au niwasomeshe bure? Na majirani je, watasemaje?" Pale njiani nilimjibu kwa ufupi. Leo namjibu kwa urefu, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza tukumbuke tunachotaka kukiokoa. Marehemu Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 na kuishi Mombasa, alifariki mwaka 2016. Rekodi zake zilitolewa hadi Ulaya na leo tunaweza kuzisikiliza kwenye simu. Lakini rekodi haikushiki mkono ikakwambia kidole chako kimekaa vibaya. Hilo hufanywa na mwalimu aliyekaa mbele yako. Wenzetu wa Unguja wana chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, ambako udi, kanuni na fidla husomeshwa darasani. Kwetu huku, aliye na hamu humfuata fundi nyumbani kwake. Kwa hivyo sebule ya fundi ndiyo shule yetu, na ikifungwa, elimu huzikwa pamoja na mwenyewe.

Sasa tuje kwenye bei. Wengi wetu huona haya kumtoza mtoto wa jirani. Matokeo yake nimeyaona mara nyingi. Fundi husomesha bure mwezi wa kwanza, mwezi wa pili akipata harusi ya Malindi anaondoka bila kuaga, na mtoto anakaa na udi uliokatika uzi. Malipo humfunga mwalimu na mwanafunzi pia. Tuseme unatoza shilingi 500 kwa kipindi na una wanafunzi 6, kila mmoja mara moja kwa wiki. Kwa wiki 4 ni shilingi 12,000. Hapo utoe nyuzi, umeme na chai ya wageni. Si utajiri, lakini ni sababu ya kutosha ya kubaki nyumbani Jumamosi asubuhi. Mwenye uwezo mdogo mpunguzie, ila mwambie mzazi wake siku ya kwanza, faraghani, ili wengine wasione mbona huyu na si mimi. Pesa zilipwe mwanzo wa mwezi, na mkubaliane mapema nini kitafanyika mtoto asipokuja.

Pili ni ratiba. Kipindi cha dakika 45 chatosha kwa mtoto, kwani vidole vyake bado laini na nyuzi huuma. Usiweke kipindi kinachogongana na sala wala na chuo. Mtoto akianza kukosa chuoni kwa sababu ya udi, umejiharibia wewe na umeuharibia udi jina. Mwezi wa Ramadhani funga kabisa, kama taarab yenyewe inavyonyamaza. Likizo za shule ndiyo nafasi ya kufidia.

Tatu ni somo lenyewe. Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi 5 na uzi mmoja mnene peke yake. Kila jozi hutiwa sauti moja, na zikiachana kidogo tu, wimbo wote huchacha. Kwa hivyo somo la kwanza liwe kutia sauti. Mwanafunzi ajue kukaza na kulegeza vigingi mwenyewe, asikungoje wewe kila siku. Kisha mshikishe risha, afanye mkono wa kulia pekee, juu chini, juu chini, kwa nyuzi zilizo wazi, hadi mdundo ukae sawa. Wazazi watalalamika kwamba mwezi umeisha na mtoto hajapiga wimbo. Waambie kabla hawajauliza.

Mkono wa kushoto ndio wenye kazi ngumu. Gitaa lina vizuizi shingoni vinavyokuonyesha mahali pa kubonyeza, udi hauna. Sikio ndilo linaloongoza kidole. Hapa watoto wa Pwani wana bahati. Mtoto aliyekua akisikia adhana na visomo vya Qur'ani, masikio yake yameshazoea Hijazi, Bayati na Rasti, hata kama hajui majina. Mwimbishe kwanza kwa mdomo, ndipo umwambie aitafute sauti ile kwenye uzi. Mwishoni mwa kipindi mruhusu akurekodi kwa simu ukipiga polepole, akafanye mazoezi nyumbani.

Nne, chombo. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu. Nyuzi hupata kutu na gundi huachia. Usiutundike udi kwenye ukuta unaopigwa na jua wala usiuache ndani ya gari. Ufute baada ya kupiga na uuweke mfukoni mwake. Mwambie mzazi asikimbilie kununua udi wa bei kubwa. Anaanzia wako, akidumu miezi mitatu ndipo mtafute wake pamoja, maana udi mbovu hukimbiza wanafunzi wengi kuliko mwalimu mkali.

Tano, na hili ni zito, ni amana. Mtoto wa mtu ameingia nyumbani kwako. Somesha sebuleni, mlango ukiwa wazi, na mzazi au ndugu yake mkubwa akiweza akae hapo hapo. Wasichana, akipatikana mwalimu mwanamke, ni bora zaidi. Asipopatikana, wasome kwa kundi na mama mmoja awepo. Haya hayafanywi kwa kumshuku mwalimu. Yanamlinda mtoto, na yanamlinda mwalimu na maneno ya watu.

Na majirani? Nenda mwenyewe kabla hawajaja. Waambie siku na saa, na usipige usiku. Wako watakaokwambia ala za nyuzi hazifai katika dini. Wanazuoni wamekhitalifiana kwa hilo tangu zamani, na mimi si mufti. Mwenye kuona haifai usibishane naye barazani wala usimvutie mwanawe. Msikilize, mheshimu, na sauti yako isivuke ukuta wake. Wewe nawe ukiwa na shaka, muulize shekhe unayemwamini kabla hujachukua shilingi ya mtu.

Kijana yule nilimwambia aanze na hao watatu tu. Aandike bei, siku na saa kwenye karatasi moja, ampe kila mzazi nakala. Jana amenipigia simu. Wawili wamekubali, wa tatu ameona bei kubwa na wamepatana nusu. Jumamosi inshaallah wanaanza kutia sauti.