Zulia la Msikiti na Mashine ya Presha: Usafi Umepatikana, Je, Twahara?

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote anastahiki Allah Mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Kila inapokaribia Ramadhani, ndani ya mwezi wa Shaabani, misikiti yetu ya Unguja na Pemba huingia katika shughuli ya usafi. Mazulia hutolewa nje, kuta hupakwa rangi, matangi ya maji husuguliwa. Zamani kazi hii ilikuwa ya ndoo, brashi na sabuni ya unga. Siku hizi vijana hukodi mashine ya presha, ile ile inayooshea magari, na wenye uwezo huita mafundi wenye mashine ya kunyunyiza na kufyonza. Kazi ya siku mbili humalizika asubuhi moja.

Pamoja na wepesi huo yamekuja masuali. Lililotufanya tuandike makala hii ni hili: mtoto wa miaka mitatu alikojoa juu ya zulia la msikiti. Siku ya pili vijana walilitoa zulia uani, wakalipiga maji ya presha na sabuni, kisha wakalisuuza kwa mashine hiyo hiyo mpaka povu likesha, likarudi ndani linanukia. Mzee mmoja akasema zulia zima sasa limenajisika, kwani presha imeutawanya mkojo kila upande, na tangu siku ile huja na mswala wake. Mwengine akasema sabuni imekwisha maliza kila kitu, hakuna haja ya mazungumzo. Na mama wa mtoto, kwa aibu, ameacha kuja na wanawe msikitini. Je, nani yuko sawa?

Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa zulia limetwaharika, na sala juu yake ni sahihi. Lakini sababu yake siyo ile aliyoitaja mzee wa pili. Na hofu ya mzee wa kwanza ina mahala pake, ingawa si katika tukio hili. Tufafanue.

Usafi na twahara si kitu kimoja

Kitu chaweza kuwa kichafu lakini kikawa twahara. Zulia lenye vumbi, mchanga wa pwani au doa la chai ni chafu, lakini sala juu yake inasihi. Na kitu chaweza kung'ara na kunukia ilhali kina najisi. Mashine, sabuni na manukato hushughulikia uchafu. Najisi huondoka kwa kufuata njia iliyowekwa na sharia.

Tutakayoyaeleza hapa ni kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na watu wengi visiwani. Ndugu zetu Ibadhi na wanaofuata madhehebu mengine warejee kwa masheikh wao katika yale yenye tofauti.

Katika madhehebu haya, najisi huondoshwa kwa maji yaliyobaki katika asili yake, ambayo mtu akiyaona huyaita maji tu: ya mvua, ya kisima, ya mfereji, ya bahari. Maji yaliyochanganyika na sabuni nyingi mpaka yakabadilika sana na kuwa maji ya sabuni husaidia kulegeza najisi, lakini hayatwaharishi yakiwa peke yake. Lazima yafuatiwe na maji matupu. Kwa hiyo kilicholitwaharisha lile zulia ni maji matupu ya kusuuzia. Lau vijana wangelipaka povu, wakalisugua na kulianika bila ya kulisuuza, suali lingekuwa zito.

Maji yaijie najisi, siyo najisi iyaendee maji

Hapa pana kanuni ambayo majumbani mwetu husahauliwa kila siku. Maji yakiwa machache, yaani chini ya kulla mbili ambazo wanazuoni wa leo huzikadiria kuwa kiasi cha lita 200 hivi, hunajisika kwa kuingiwa na najisi hata kama hayakubadilika. Ndiyo maana sharti ni maji yamiminwe juu ya najisi, yaipite na kuishinda.

Sasa tazama tunavyodeki. Mtoto kakojoa juu ya vigae. Dada wa nyumbani anachukua ndoo moja na tambara, anafuta mkojo, anachovya tambara katika ndoo, anakamua, anafuta tena, kisha kwa maji yale yale anadeki chumba kizima. Sakafu inang'ara. Lakini tangu tambara la mkojo lilipochovywa mara ya kwanza, maji ya ndoo yamenajisika, na chumba chote kimepakwa maji hayo. Najisi iliyokuwa na ukubwa wa sahani imekuwa na ukubwa wa ukumbi.

Katika jambo hili mashine ya presha, na hata mpira wa kawaida wa maji, ni bora kuliko ndoo na tambara, kwa sababu maji hutoka safi na kuijia najisi kutoka juu. Asiyekuwa na mashine asione unyonge: akaushe mkojo kwa kitambaa, akiweke kando, amimine kata moja au mbili za maji mahala pale mpaka payaenee, kisha ayasukume maji yatoke. Kigae kimetwaharika. Baada ya hapo adeki chumba apendavyo.

Asili ya haya ni kisa mashuhuri walichokipokea Bukhari na Muslim. Bedui mmoja alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Watu wakamkemea. Mtume akawazuia wasimkatize, na alipomaliza akaamuru imiminwe ndoo ya maji juu ya mahala pale, basi. Hakuamuru msikiti wote uoshwe.

Hatari ya presha

Mashine ndogo za presha husukuma maji kwa nguvu ya kiasi cha bar 100 hadi 150, wakati maji ya mfereji wa nyumbani huwa na bar chache tu. Nguvu hiyo ikipiga kinyesi cha mtoto, matapishi au damu iliyoganda, haviondoshi kwa utulivu, bali huvirusha: ukutani, miguuni mwa anayeosha, kwenye kanzu iliyoanikwa jirani. Hapa ndipo hofu ya yule mzee ilipo na mashiko.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwanza, ondosha ain ya najisi, yaani najisi yenyewe inayoonekana, kwa mkono wenye glavu, kijiko kibovu au kitambaa. Kama ni mkojo mbichi, ugandamize kwa kitambaa kikavu mpaka unywewe. Pili, mimina maji matupu taratibu, bila presha. Tatu, sabuni na presha kwa ajili ya uchafu, doa na harufu. Nne, suuza kwa maji matupu mpaka povu likeshe. Ukifuata mpangilio huu, matone yanayoruka katika hatua ya tatu yanatoka mahala palipokwisha twaharika, na hayana ubaya wowote.

Na aliyekwisha kupiga presha moja kwa moja afanye nini? Atazame. Panapoonekana athari ya najisi, papaoshwe. Pasipoonekana kitu, asijichoshe: asili ya vitu ni twahara, na yakini haiondoshwi na shaka. Hata ile najisi ndogo mno isiyodirikiwa na jicho la kawaida imesamehewa. Katika tukio letu, mkojo ulikuwa umeshakauka, haukuwa na ain ya kurushwa, na maji yaliyoupitia yalikuwa mengi na hayakubadilika. Hapana msingi wa kulihukumu zulia zima.

Likibaki doa au harufu baada ya kusugua kwa bidii, kimojawapo kati ya hivyo kimesamehewa. Vikibaki vyote viwili mahala pamoja, hiyo ni dalili kuwa ain bado ipo, na kazi haijaisha.

Mtoto mchanga ana hukumu yake. Mtoto wa kiume asiyefika miaka miwili na ambaye hajaanza kula chakula, anaishi kwa maziwa tu, mkojo wake hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea mahala pote ulipopata, baada ya kukausha umajimaji wake. Hivyo ndivyo alivyofanya Mtume (s.a.w.) alipokojolewa na mtoto wa Umm Qays bint Mihsan. Wa kike, na wa kiume aliyeanza kula kama yule wa miaka mitatu, mkojo wao huoshwa.

Mashine ya kunyunyiza na kufyonza

Mashine hii ina matangi mawili. Tangi la kwanza lina maji safi, ambayo hunyunyizwa ndani ya zulia. La pili hupokea maji machafu yanayofyonzwa. Inafaa kwa mazulia yaliyogundishwa chini, yasiyoweza kutolewa uani. Lakini mafundi wengi hujaza tangi la kwanza maji yenye dawa, wakapita mara moja na kuondoka. Mwambieni fundi: mahala penye najisi, tangi lisuuzwe, litiwe maji matupu, apite tena akinyunyiza ya kutosha kuenea, ndipo afyonze. Maji ya tangi la pili yamwagwe kwenye mtaro, wala yasirudishwe katika kazi hata yakionekana meupe.

Kufyonza au kukamua si sharti ya twahara kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, bali ni jambo zuri, na kwa zulia ni la lazima kwa sababu nyengine tutakayoitaja hivi punde.

Ama mashine za mvuke, zile zinazotoa joto na unyevu kidogo tu, zinafaa kwa uchafu. Unyevu ambao hautiririki juu ya najisi haujawa kuosha. Mimina maji kwanza, mvuke baadaye.

Mali ya wakfu na neema ya maji

Zulia la msikiti ni wakfu. Tusiliharibu kwa jina la kulisafisha. Mdomo wa mashine ukisogezwa karibu mno hung'oa nyuzi na kubandua gundi ya chini. Tumieni mdomo unaotawanya maji kama feni, na uwekeni mbali kidogo na zulia. Zulia lililogundishwa lisipigwe presha kabisa, kwani maji hupenya chini yake na hayana pa kutokea. Kwa unyevu wa hewa ya visiwa vyetu, hasa masika, zulia lisilokauka upesi huota ukungu na kutoa harufu inayowaudhi wanaosali na kuwadhuru wenye pumu. Osheni siku ya jua, asubuhi, na mfyonze au mkamue maji vizuri.

Misikiti ya zamani iliyojengwa kwa mawe na chokaa, kama ya Mji Mkongwe, ihurumiwe zaidi. Presha hubomoa lipu ya chokaa. Kuta hizo zinatosha brashi laini. Na kabla ya kumwaga maji ndani, zimeni umeme wa soketi za chini. Roho ya kijana anayejitolea ni tukufu kuliko zulia lolote.

Kuhusu maji, mashine ndogo ya presha hutumia lita 6 hadi 8 hivi kwa dakika. Ni chache kuliko mpira ulioachwa wazi, lakini nusu saa ya kuosha zulia lisilo na najisi ni zaidi ya lita 180. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja ya maji, kiasi cha kujaza viganja viwili pamoja. Wakati jirani anasubiri zamu ya kisima, israfu haiwi ibada. Oshea mahala penye najisi palipojulikana. Zulia lililobaki lina haja ya kufagiwa na kupigwa jua.

Neno la mwisho

Tunamnasihi mzee wetu aiweke mswala yake nyumbani na asimame safuni pamoja na ndugu zake. Kujihadhari ni jambo jema, lakini tahadhari ikizidi huwa wasiwasi, na wasiwasi hufarikisha jamaa. Tunawaomba viongozi wa misikiti waweke kitambaa, ndoo na kata mahala panapojulikana, ili ajali ya mtoto imalizwe dakika ile ile, siyo siku ya pili.

Na wewe mama, rudi na mwanao. Mvishe nepi, mpeleke msalani kabla ya sala, na likitokea la kutokea, sema mapema bila ya aibu. Ikiwa mtu mzima aliyekojoa msikitini mwa Mtume hakufukuzwa, vipi mtoto wa miaka mitatu? Dawa yake ilikuwa ndoo ya maji na neno la upole, na vyote viwili tunavyo.

Tunamuomba Allah atutakasie nyoyo zetu kama tunavyotakasa mahala petu pa kusujudia, na atufikishe Ramadhani tukiwa safu moja. Wallahu aalam.