Bei ya mahindi na picha za maiti katika kundi moja

Kabla ya kupakia lori kuelekea Namanga au Holili, mfanyabiashara wa nafaka siku hizi hufungua simu kwanza. Kwenye kundi la WhatsApp anakuta bei ya gunia Nairobi, foleni ya malori ilipofikia na namba ya wakala wa forodha asiyechelewesha makaratasi. Katikati ya hayo anakuta pia mwili wa aliyekufa ajalini, umepasuka kichwa, umetumwa na mwanakundi anayetaka "kuwajulisha" wenzake. Hakuutafuta. Hakubonyeza chochote. Simu imepakua picha yenyewe, kwa bando alilonunua yeye.

Mtu anayechukizwa na akaunti fulani ya Facebook au TikTok huacha kuifuata, yakaisha. Mwenye mzigo njiani hana uhuru huo. Akijitoa kwenye kundi leo, kesho anauza kwa bei ya juzi. Kwa hiyo anavumilia video za ngono usiku wa manane, watu wanaochomwa moto kwa tuhuma za wizi, na matusi dhidi ya taifa la wateja wake mwenyewe.

Mengi huletwa na barabara. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, likaua watu zaidi ya 100, na picha za walioungua zikazunguka kwenye simu. Juni 30, 2023, lori liliparamia watu katika makutano ya Londiani, Kenya. Zaidi ya 50 walikufa, wakiwamo wachuuzi na waendesha bodaboda. Kwa wanaoishi kwa kuvuka mipaka, hao si watu wa mbali. Mke anaweza kumtambua mumewe kwa shati, kwenye kundi la bei za vitunguu, kabla polisi hawajapata namba ya nyumbani. Na simu hiyohiyo jioni huwa mikononi mwa mtoto anayetafuta katuni.

Wengi hudhani kuna mtu huko juu anayechuja. Kwenye WhatsApp, tangu 2016, ujumbe hufungwa kwa namna ambayo husomwa na mtumaji na mpokeaji tu. Kampuni huona kile kilichoripotiwa: mtumiaji akiripoti, hupelekewa hadi jumbe tano za mwisho. Kuhusu kusambaza, mwaka 2019 iliweka kikomo cha watu au makundi matano kwa mpigo, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukawekewa kikomo cha mmoja. Hilo hupunguza kasi tu. Mwenye subira atatuma mojamoja.

Facebook ina wachujaji, na kwa miaka kadhaa hadi 2023 sehemu ya kazi hiyo kwa lugha za Afrika ilifanyika Nairobi, chini ya kampuni ya Sama. Ripoti za daktari zilizowasilishwa mahakamani mwaka 2024 zilionyesha kuwa zaidi ya 140 kati ya vijana hao walikuwa na maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe. Hao walilipwa kuangalia. Anayeuza dagaa Busia halipwi, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kuona.

Kisha kuna sheria, ambayo hubadilika lori likivuka geti ilhali simu ni ileile. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inampa anayesambaza picha chafu au ya faragha ya mtu mwingine faini isiyozidi shilingi 200,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Upande wa pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inataka anayechapisha ponografia kompyutani atozwe faini isiyopungua shilingi milioni 20 za Tanzania au afungwe miaka isiyopungua saba, au vyote. Neno la kuangalia ni "isiyozidi" na "isiyopungua": upande mmoja sheria inaweka dari, upande mwingine inaweka sakafu. Uganda ilirekebisha sheria yake Oktoba 2022, na Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu cha zamani cha mawasiliano ya kuudhi.

Kinga iliyo karibu zaidi ni ndogo na haigharimu kitu. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, upakuaji wa picha na video unaweza kuzimwa. Picha itabaki ukungu mpaka mwenye simu aiguse. Bando nalo litapona. Msimamizi naye, tangu 2022, anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi kwa wote, na anaweza kuweka kundi ili wasimamizi peke yao watume.

Kufuta ni rahisi kwa kidole, si kwa uso. Aliyetuma picha ya maiti mara nyingi ni mzee wa soko, au ndiye anayemkopesha msimamizi magunia. Ndiyo maana kanuni hufaa iandikwe siku kundi linapofunguliwa, kabla hajajulikana atakayeivunja. Ajali itangazwe kwa maneno: mahali, saa, barabara imefungwa au inapitika. Dereva aliyeko Voi akiwa na tani 20 za mzigo anahitaji hayo tu.