Wimbi si Mkondo: Somo kutoka Ufuko wa Hossegor

Tuliwahi kuwapa wanafunzi wetu tangazo la tahadhari la ufukweni ili walitafsiri kwa Kiswahili. Neno lililohitajika lilikuwa mkondo. Wengi waliandika wimbi. Darasani kosa hilo hupunguza alama moja tu, lakini ufukweni linaweza kumwua mtu. Kwa kuwa wengi wetu hapa Uganda bahari ya karibu tunayoijua ni Ziwa Victoria, lenye mawimbi lakini lisilopwa wala kujaa kwa namna inayoonekana, tumeonelea ni vyema kuyafafanua maneno haya kwa mfano wa ufuko mmoja maarufu: Hossegor, kusini-magharibi mwa Ufaransa.

Hossegor hutembelewa sana na watelezaji wa mawimbi, yaani watu wanaosimama juu ya ubao na kuchukuliwa na wimbi kuelekea nchi kavu. Mawimbi ya huko huzaliwa na dhoruba za Atlantiki ya Kaskazini. Kwa kawaida wimbi hupoteza nguvu kadiri kina kinavyopungua. Hata hivyo, karibu na Hossegor lipo bonde refu chini ya bahari, ambalo huanzia mita mia chache tu kutoka ufukweni. Kwa sababu hiyo mawimbi hufika yakiwa bado na nguvu nyingi.

Yakifika, huumuka juu ya mafungu ya mchanga, yaani hujiinua, hujikunja na kuvunjika. Kwa makadirio, wimbi la mita 1 huvunjika penye kina cha mita 1.3 hivi. Fungu la mchanga si kama mwamba. Dhoruba moja yaweza kulibomoa hapa na kulijenga pale. Ndiyo maana mahali palipofaa wiki iliyopita huenda leo pasifae.

Hali hubadilika pia kwa saa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na hapo tofauti ya kina huweza kuzidi mita 3. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Upepo nao una kazi yake: ule utokao nchi kavu hulisimamisha wimbi na kulainisha uso wake, lakini utokao baharini hulivuruga.

Sasa tuje kwenye mkondo. Kati ya mafungu na ufuko hubaki vidimbwi ambavyo Wafaransa wa huko huviita baïne. Mawimbi huvijaza, kisha maji hutafuta mlango wa kurudi baharini, hasa yanapokupwa. Mlango huo huonekana shwari kwa sababu mawimbi hayavunjiki hapo. Mgeni huona ndipo pa kuogelea, kumbe ndipo panapomvuta. Wimbi humleta mtu pwani. Mkondo humpeleka kilindini. Aliyenaswa asishindane nao: aelee, apunge mkono kuomba msaada, na mvuto ukilegea aogelee kando kabla ya kurudi.

Tunawaomba walimu wenzetu wasiyafundishe maneno kupwa, kujaa, bamvua, maji mafu, fungu na mkondo kama orodha ya kukariri. Mwanafunzi achore ufuko, aonyeshe maji yanakotoka na yanakoelekea, ndipo aandike neno. Akishauona mkondo kwa mchoro wake mwenyewe, hatauita tena wimbi.