Upungufu wa Wafanyakazi na Viza ya Mdhamini

Mvua hupimwa kwa chombo, na kila asomaye chombo hicho hupata jibu lile lile. Upungufu wa wafanyakazi haupimwi hivyo. Upungufu huo ni uhusiano baina ya mambo mawili: idadi ya watu walio tayari kufanya kazi fulani, na ujira unaotolewa kwa kazi hiyo. Ujira ukibadilika, upungufu nao hubadilika. Uingereza, ambayo ilifungua mlango kwa watunzaji wa wazee kutoka ng'ambo mwaka 2022 na kuufunga mwaka 2025, ni mfano ulio wazi wa jambo hilo.

Chanzo cha mahitaji

Katika sensa ya mwaka 2021, watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 18.6 ya wakazi wa England na Wales. Miaka kumi kabla yake walikuwa asilimia 16.4. Kadiri umri unavyosonga, ndivyo watu wanavyozidi kuhitaji msaada wa kuoga, kula na kunywa dawa, ama majumbani mwao ama katika makao ya wazee. Katika mwaka wa 2021/22, nafasi zipatazo 164,000 za kazi ya utunzaji wa watu wazima zilikuwa wazi katika England, yaani zaidi ya nafasi moja katika kila kumi.

Je, huo ulikuwa upungufu wa kweli? Tangu mwaka 2007 Uingereza ina Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji, ambayo wajumbe wake aghalabu ni wachumi wa vyuo vikuu. Kamati hiyo ilizoea kuuliza maswali matatu kuhusu kila kazi. Je, kazi hiyo yahitaji ustadi? Je, wafanyakazi wake ni haba kweli? Je, ni busara kuliziba pengo kwa watu wa nje? Kwa watunzaji wa wazee Kamati iliishauri serikali ifungue mlango, na Februari 2022 mlango ukafunguliwa. Lakini katika taarifa yake ya Aprili 2022, Kamati ilieleza kuwa kiini cha tatizo ni ujira mdogo, ikapendekeza kima cha chini cha watunzaji kiwe walau paundi moja kwa saa juu ya kile cha taifa.

Viza inavyofanya kazi

Utaratibu wenyewe una hatua tatu. Kwanza, mwajiri huomba leseni ya udhamini kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani. Pili, humpa mfanyakazi aliyemchagua hati ya udhamini, inayotaja kazi na mshahara. Tatu, mfanyakazi huitumia hati hiyo kuomba viza. Aweza baadaye kuhamia kwa mwajiri mwingine, lakini ni sharti huyo naye awe na leseni, na ombi jipya lifanywe. Leseni ya mwajiri ikifutwa, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke nchini.

Hapa ndipo sayansi ya uchumi inapoingia. Mwaka 1933 mchumi Joan Robinson wa Cambridge alichambua soko lenye wauzaji wengi na mnunuzi mmoja. Mkulima ambaye kijiji chake kina mnunuzi mmoja tu wa mazao anaijua hali hiyo bila kuisoma kitabuni: bei hupangwa na mnunuzi, kwa kuwa mkulima hana pa kupeleka gunia lake. Mfanyakazi huuza nguvu zake. Kila kinachomzuia kubadili mwajiri humkaribisha katika hali ya mkulima yule. Viza iliyofungamana na mwajiri ni kizuizi cha namna hiyo, hata pale ambapo mwajiri ni mtu mwema.

Matokeo

Kwa hesabu tupu, dawa ilifanya kazi: nafasi zilizo wazi zilishuka hadi 131,000 hivi katika mwaka wa 2023/24. Lakini baadhi ya wafanyakazi walikuwa wamewalipa mawakala fedha nyingi, kisha walipofika wakakuta saa chache za kazi, au hawakukuta kazi kabisa. Aliyelalamika alihatarisha leseni ya mwajiri, na kwa hiyo ukaazi wake mwenyewe. Baina ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo. Machi 2024 watunzaji wapya walikatazwa kufuatana na wenzi na watoto wao. Tarehe 22 Julai 2025 mlango ulifungwa kwa watunzaji wapya kutoka ng'ambo.

Upande wa pili wa mizani

Kila mwuguzi anayeondoka hupunguza hesabu ya kwao. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine. Orodha ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilitaja nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa wahudumu hao, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mwongozo wa Uingereza huwakataza waajiri kwenda kutafuta watu katika nchi hizo, ingawa mtu binafsi aweza kuomba kazi mwenyewe. Kenya ilichukua njia nyingine: Julai 2021 ilitia saini mapatano na Uingereza kuhusu kuajiriwa kwa wahudumu wake wa afya.

Basi yale maswali matatu ya Kamati yafaa kuulizwa pia katika nchi zinazotoa wafanyakazi, na kwa kila orodha ya kazi zenye uhaba yafaa kuongezwa la nne: mfanyakazi akidhulumiwa, je, aweza kuondoka kwa mwajiri wake bila kupoteza haki ya kukaa nchini? Jibu likiwa hapana, upungufu waweza kupungua katika takwimu huku ujira mdogo, uliouzaa, ukibaki pale pale.