Paka Anavyomkimbiza Panya Kwenye Skrini

Mzazi akimpata mwanawe mbele ya kompyuta, paka anamkimbiza panya kwenye skrini, ni rahisi kumwambia aache mchezo arudi kwa vitabu. Kabla hujasema hivyo, muulize ni nani aliyempa paka maagizo ya kukimbiza. Ikiwa ni yeye, basi yumo ndani ya hesabu tayari.

Programu inayotumiwa na wanafunzi wengi wanaoanza inaitwa Scratch. Ilitengenezwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka wa 2007. Ni ya bure, na ukishaipakua kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Ukiifungua, paka wa rangi ya machungwa anakungoja. Panya utamchagua mwenyewe, kisha umpe maagizo ya kusonga kwa vitufe vya mishale.

Kompyuta haioni panya. Inachojua ni nambari mbili kwa kila mnyama: yuko umbali gani kulia au kushoto kutoka katikati ya uwanja, na umbali gani juu au chini. Tuseme paka yuko katikati kabisa, sufuri na sufuri. Panya yuko hatua 120 kulia na 90 juu. Umbali wa moja kwa moja kati yao ni hatua 150. Hii ni kanuni ile ya Pythagoras ambayo wengi wetu tuliisoma tukijiuliza itatufaa wapi.

Sasa mpe paka mwendo wa hatua 5 kwa kila mzunguko. Atasogea 4 kulia na 3 juu, kwa uwiano uleule wa 120 kwa 90. Panya akitulia, mizunguko 30 inatosha kumfikia. Lakini panya hatulii, kwa hivyo paka lazima apime upya kila mara. Katika Scratch unaweka maagizo mawili, “elekea kwa panya” na “songa hatua 5”, ndani ya kipande kinachorudia bila kikomo. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuliacha agizo la kuelekea nje ya kipande hicho. Paka huenda moja kwa moja hadi mahali panya alipokuwa zamani, akampita, akaishia ukingoni.

Kosa la pili huwachanganya hata walimu. Paka anamfikia panya, kisha anaanza kutetemeka. Kompyuta haijaharibika. Umbali uliobaki ni hatua 2, naye ameamriwa kusonga 5, kwa hivyo anapitiliza, anageuka, anapitiliza tena. Dawa yake ni sharti moja: asonge tu ikiwa umbali unazidi 5.

Kasi nayo ni muhimu. Paka na panya wakiwa na kasi sawa, panya akakimbia kwa mstari ulionyooka, paka hatamshika hadi panya akwamishwe na ukingo. Mchezo wa Kijapani wa Pac-Man, uliotoka mwaka wa 1980, ulikuwa na jibu zuri. Kati ya mizuka yake minne, mwekundu hulenga mahali mchezaji alipo, naye wa waridi hulenga miraba minne mbele yake. Mmoja anafuata, mwingine anaziba njia. Watoto waliocheza kibe wakijificha nyuma ya nyumba wanaijua mbinu hiyo, ila hawajawahi kuiandika.

Mwanafunzi aliyemaliza hatua hizi ajaribu kumpa paka wa pili kazi ya kuziba njia. Na ahifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache, maana stima ikipotea, paka wote wawili wanapotea nayo.