Barafu Yetu, Sehemu ya Tatu: Kivoi Alijua, London Ikabisha

Tangu Umoja wa Mataifa uutenge mwaka wa 2025 kuwa mwaka wa kuhifadhi mito ya barafu duniani, habari hizi haziishi magazetini. Wenye pesa wanapanda meli za kitalii hadi Svalbard, kaskazini mwa Norwei, wakaone dubu weupe na kuta za barafu zikimegukia baharini. Waende salama. Ila msomaji wa Kasikeu asidhani kwamba barafu ni mambo ya Wazungu, maana habari za barafu ya Mlima Kenya zilitoka kwenye boma la Mkamba.

Mmisionari Rebmann na theluji yake ya Kilimanjaro ya 1848 tulishamaliza. Mwenzake wa misheni ya Rabai, Johann Ludwig Krapf, alifika Kitui mwaka uliofuata, akapokewa na Kivoi wa Mwendwa. Kivoi alikuwa tajiri wa pembe za ndovu, na misafara yake ilishuka hadi pwani. Huyu ndiye aliyemweleza mgeni kuhusu mlima mweupe, kama mtu anavyoeleza njia ya kwenda sokoni. Mtu mwingine, kutoka Embu, akaongeza kwamba kitu kile cheupe huporomoka kwa kishindo. Kishindo hicho nakipenda kuliko tarehe zote. Theluji iliyotulia haingurumi; kinachonguruma ni barafu nzito inayosogea mteremkoni na kumeguka. Yule wa Embu alikuwa ameeleza mto wa barafu bila kupita darasa lolote la jiografia.

Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, na Krapf akaviona vilele viwili kama pembe. Huko London, Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Msomi wa kiti huyo alisikilizwa miaka mingi.

Agosti 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi akimpeleka Krapf Mto Tana. Mmisionari alinusurika nyikani kwa kuchota maji kwa mfuko wa darubini na mitutu ya bunduki. Watu wa Kivoi walimlaumu kwa kumwacha mwenyeji wake, nami siwalaumu wao. Gregory, mwanajiolojia Mwingereza, alipofika kwenye barafu mwaka wa 1893, iliyo kubwa aliipa jina la Lewis, mwanajiolojia wa Marekani aliyekwisha kufariki. Kivoi hakupewa hata jiwe.

Nafasi imekwisha, basi niseme kwa ufupi hali ya leo. Mwaka wa 1899 Mlima Kenya ulihesabiwa mito ya barafu 18. Mingi imetoweka, na Lewis imebaki vipande tu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetabiri kwamba yote inaweza kwisha katika miaka ya 2030, kwa joto ambalo sisi tumechangia kidogo sana. Lakini Mto Tana ukipungua maji, tusitafute kisingizio. Tana hulishwa hasa na mvua na misitu ya mlimani, si barafu hiyo, na wanaoikata misitu ni sisi wenyewe, kwa panga na kwa rushwa.

Walimu wa Kasikeu, mkifundisha Mlima Kenya muhula huu, anzeni na Kivoi. Krapf aje baadaye.